Nyumba ya Sponji

Nyumba ya fundi makochi ilikuwa na vyumba vitatu, na mbele yake karakana moja yenye harufu ya gundi. Ukipita asubuhi, ungesikia mambo mawili kabla hujafika mlangoni. La kwanza ni nyundo ya fundi ikipigilia misumari midogo kwenye mbao za kochi. La pili ni mdomo wa binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka minane. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la shule. Mtaani kote alijulikana kama Chiriku, kwa kuwa maneno yake hayakuisha. Alizungumza akila na akivaa viatu. Alizungumza hata akipiga mswaki, povu likimtiririka kidevuni. Bibi yake, mzaa mama, aliishi nao, na kazi yake kubwa ilikuwa kumsikiliza.

"Mke mwenzangu," Bibi alikuwa akimtania, "babu yako angekuoa wewe badala yangu, angetembea na pamba masikioni."

Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Aliondoka kabla jua halijatoka, akarudi mchana na unga kwenye nyusi. Kwa hiyo asubuhi mtoto alikuwa mikononi mwa Bibi na baba yake.

Mchezo wa Chiriku ulikuwa kuruka kamba. Wengine waliruka vizuri kumshinda. Lakini hakuna aliyeweza kuhesabu kwa sauti kama yeye, kuanzia moja hadi mia mbili, bila kukosea wala kukauka koo. Wenzake walimgombania kwa sababu hiyo tu.

Mambo yalianza baada ya mafua ya kawaida. Mafua yalipona. Wiki mbili baadaye, vidoa vyekundu vikatokea miguuni mwake, vidogo kama alama za ncha ya kalamu. Kisha yakaja mabaka ya bluu mapajani na mikononi, ilhali mtoto hakuanguka. Asubuhi moja alitema dawa ya meno ikiwa na damu. Bibi alidhani ni mswaki mgumu. Akanunua mwingine laini.

Mwalimu wa darasa naye aliyaona yale mabaka. Alimwita Fundi ofisini, akafunga mlango taratibu, akamuuliza nyumbani wanaishi vipi na mtoto. Fundi alielewa anaulizwa nini. Mtu ambaye hajawahi hata kumfinya binti yake alitoka pale akitazama chini. Aibu ile ilimkaa moyoni, na mengi aliyoyafanya baadaye yalitoka hapo.

Hospitalini walimtoa Chiriku damu. Daktari alieleza kuwa ndani ya damu kuna chembe ndogo sana zinazoitwa chembe sahani. Kazi yake ni kuziba palipotoboka ili damu isimwagike. Mtoto mwenye afya huwa nazo laki moja na nusu au zaidi katika kipimo kimoja. Chiriku alikuwa nazo elfu kumi na moja. Daktari aliongeza kwamba watoto wengi wenye tatizo hili hupona wenyewe ndani ya miezi michache. Wengine huchukua muda mrefu.

Chiriku akawa wa hao wengine. Mara mbili damu ya pua ilimtoka sana, akapewa vidonge kwa siku chache. Vilisaidia, lakini vilifanya uso wake uwe wa duara na hasira ziwe karibu. Vilipokwisha, chembe sahani zikashuka tena. Mwaka ukapita. Daktari akasema sasa tatizo limekuwa sugu, maana yake limezidi miezi kumi na miwili.

Fundi alilipokea neno hilo "sugu" kwa namna yake. Alirudi karakanani, akachukua mabaki ya sponji, akaanza kazi.

Alianza na pembe za meza. Akazivisha sponji, akashona na kitambaa juu yake, mshono safi usioonekana. Kisha kitanda cha mtoto, miguu na kichwa. Kisha fremu za milango. Kisha kabati, dirisha, na ukuta ulio karibu na bomba. Hata kigoda cha Bibi kilipata sponji pande zote. Bibi alikikalia, akasema anahisi amekalia paka. Nyumba nzima ikawa kochi.

Angeishia hapo, tungemcheka tu na kumpongeza kwa mikono yake. Lakini hakuishia hapo. Aliichukua kamba ya kuruka, akaiweka juu ya kabati. Akamwambia mwalimu kuwa mtoto hatakuja shule mpaka namba ipande. Namba ndiyo ilikuwa neno lake sasa. Kila wakirudi kupima hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza, "Namba ni ngapi?"

Mama Chiriku hakuafiki. Siku moja alirudi kutoka kazini, akamkuta binti yake ameketi dirishani, kidevu kwenye sponji, akitazama wenzake wakiruka kamba barabarani. Aliyekuwa akiwahesabia alikosea kwenye thelathini na mbili. Chiriku hakusema kitu. Hakusahihisha.

"Baba Chiriku," mama alisema jioni ile, "umemkinga na meza. Upweke utamkinga nao kwa sponji ipi?"

"Akipasuka kichwa je?" Fundi alijibu. "Watasema nini tena juu yangu?"

Mama aliijua ile aibu ya ofisini, akanyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu.

Baada ya hapo daktari aliamua kujaribu dawa nyingine. Ilikuwa kidonge kimoja kila siku, cha kuusukuma uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, utengeneze chembe sahani nyingi zaidi. Siku ya kupewa dawa hiyo mama alikuwa kazini, akaenda Fundi na mtoto.

Muuguzi wa kliniki ya damu aliwakuta kwenye korido. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na watoto walimpenda kwa sababu hakuwahi kusema sindano haiumi. Alisema inauma kidogo, kisha basi. Alimshikisha Fundi kopo la dawa na kumweleza namna ya kuitumia, jambo moja baada ya jingine. Fundi alitikisa kichwa kila mara. Lakini macho yake yalikuwa kwenye benchi la kusubiria. Kitambaa chake kilikuwa kimechanika, sponji imeisha, na chuma kimechomoza upande wa kulia, pale pale watoto wanapokaa.

"Umenielewa, Fundi?" aliuliza Muuguzi.

"Nimekuelewa, Sista. Na hilo benchi mniletee. Nitawatengenezea bure, hicho chuma kitamuumiza mtoto wa mtu."

Muuguzi alicheka, akashukuru, na mgonjwa mwingine akaita.

Wiki tatu zikapita. Chiriku hakukosa kidonge hata siku moja. Walipokwenda kupima, namba ilikuwa elfu kumi na tatu. Mwanzoni mwa dawa ilikuwa elfu kumi na mbili. Daktari aliuliza kama mtoto anakunywa dawa kila siku. Fundi akaapa kwamba anakunywa kila siku, tena asubuhi na mapema. Na alikuwa anasema kweli.

Daktari aliiandika namba hiyo kwenye faili. Akasema atawapa wiki mbili nyingine. Kama hakuna mabadiliko, basi dawa hii si ya Chiriku, itabidi waiache na kutafuta njia nyingine. Zipo dawa nyingine, alisema. Na wapo wachache ambao mwishowe hufanyiwa upasuaji wa kutoa wengu, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto ambako chembe nyingi huharibiwa, ingawa kwa watoto hawakimbilii huko.

Katika maneno yote hayo Fundi alibeba moja tu hadi nyumbani: upasuaji. Jioni ile alishona kiti cha mteja kitambaa nje ndani. Hakuwahi kufanya hivyo tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi. Chiriku aliketi karibu naye kwenye rundo la sponji. Fundi alimwomba amsimulie kitu chochote.

"Sina cha kusimulia, Baba," alisema. "Sijaenda popote."

Fundi aliinama kwenye cherehani ili mtoto asimwone macho.

Siku chache baadaye, saa moja asubuhi, mkokoteni ulisimama mbele ya karakana. Juu yake lilikuwa lile benchi, na nyuma yake Muuguzi, ambaye zamu yake siku hiyo ilianza mchana. Fundi alifurahi kulipata benchi kama mtu aliyetembelewa na ndugu. Aliligeuza, akaligonga, akalisikiliza. Bibi alitoka na kusema mgeni hakai nje, aingie ndani apumzike.

"Shikamoo, Bibi," alisema Muuguzi, akavua viatu, akaingia. Kisha akasimama.

Alitazama meza. Akatazama milango. Akaweka kiganja kwenye ukuta ulio karibu na bomba, ukabonyea. Alikaribia kucheka, tena sana. Ndipo akamwona Chiriku ameketi kwenye kona amekumbatia magoti, hasemi neno, na kicheko chake kikarudi kilikotoka. Alimfahamu mtoto huyu. Mwaka jana alikuwa akimtoa damu huku akisimuliwa habari za mtaa mzima.

"Haendi shule?" aliuliza.

"Mpaka namba ipande," Fundi alijibu kutoka mlangoni.

Kabla Muuguzi hajajibu, Bibi alipita na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kidonge kwenye kijiko. Na kando yake, kikombe kikubwa cha maziwa ya moto yenye utando juu.

"Hiyo ni dawa yake ya chembe sahani, Bibi?"

"Ndiyo, mwanangu. Kila siku saa hizi. Nampa na maziwa ili isimchome tumbo. Tena maziwa yanatia damu."

"Kila siku na maziwa?"

"Sijaruka hata moja," alisema Bibi kwa fahari.

Muuguzi alinyoosha mkono, akakichukua kikombe taratibu na kukiweka mezani, juu ya pembe yenye sponji. Akaomba wakae wote. Fundi aliweka nyundo chini.

"Bibi, nitakwambia jambo, na usilichukue kwa ubaya," alisema. "Maziwa ni chakula kizuri. Lakini dawa hii na maziwa havipatani. Ndani ya maziwa kuna madini ya kujenga mifupa. Kidonge kikikutana na madini hayo tumboni, yanakishika, hakiachwi kuingia kwenye damu. Kinapita tu na kutoka. Mtoto anameza kila siku, lakini mwili haupati kitu, au unapata kidogo sana."

Bibi alishika shavu.

"Kumbe wiki zote hizi," alisema polepole, "mimi ndiye niliyekuwa naizuia dawa ya mjukuu wangu."

"Ulikuwa unampenda," alisema Muuguzi. "Hukuambiwa."

"Sista, hakuambiwa na mimi." Fundi alisema hivyo akitazama benchi kupitia mlango. "Wewe ulisema. Sasa nakumbuka midomo yako ikisema maziwa. Mimi nilikuwa napima benchi kwa macho. Nilikuwa nahesabu sponji itakayotosha."

Bibi alimgeukia mkwe wake. Kwa heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mkwe, hakumwambia aliyoyafikiria. Alikohoa tu, na kikohozi chake kilisema yote.

Muuguzi alikubali kosa lake pia. Alisema siku ile aliuliza "umenielewa?" na mtu yeyote ataitikia swali kama hilo. Ilimpasa amwombe Fundi arudie maagizo kwa mdomo wake mwenyewe, na kumwandikia. Akatoa kalamu, akaomba kipande cha karatasi. Fundi hakuwa na karatasi, akampa kadibodi ya kukatia vipimo vya mito. Muuguzi akaandika kwa herufi kubwa:

KIDONGE SAA MOJA ASUBUHI, KWA MAJI.
MAZIWA SAA KUMI JIONI.

Alieleza kwamba kidonge kinatakiwa kinywewe angalau saa mbili kabla ya maziwa, au saa nne baada yake. Vivyo hivyo kwa mtindi na jibini, dawa za kutuliza kiungulia, na dawa za kuongeza madini ya chuma. Wakifuata kadibodi hiyo hawatakosea. Chiriku alisogea kusoma. Alisoma mara mbili, akitembeza kidole.

"Kwa hiyo namba yangu haikukataa dawa," alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza asubuhi ile. "Dawa haikufika."

"Huenda ndivyo," alisema Muuguzi. "Siwezi kuapa. Tutajua tukipima."

Fundi akauliza jambo lililomkaa rohoni mwaka mzima. Kama chembe zinaisha, nani anayezila? Je, kuna kitu walichomlisha mtoto, au kuna mtu aliyemfanyia ubaya?

"Hakuna aliyemfanyia ubaya, wala si chakula, wala ugonjwa huu hauambukizi," alisema Muuguzi. "Fikiria una mlinzi hapa karakanani. Kazi yake ni kufukuza wezi. Siku moja anachanganyikiwa, anaanza kuwafukuza mafundi wako. Kinga ya mwili wa Chiriku ndiyo huyo mlinzi. Inaziona chembe sahani, inadhani ni adui. Uboho unatengeneza, mlinzi anafukuza. Dawa hii inausaidia uboho utengeneze nyingi kupita zile zinazofukuzwa. Na kwa watoto wengi, hata walioumwa zaidi ya mwaka, mlinzi huja kutulia mwenyewe."

"Na sponji yangu?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

Muuguzi alitazama ule mshono usioonekana kwenye pembe ya meza, akausifia kwa dhati. Kisha akasema pembe moja mbili si mbaya. Lakini wao kliniki hawatibu namba, wanamtibu mtoto. Mtoto mwenye chembe chache asiyetokwa na damu anaweza kusoma, kucheka na kucheza michezo isiyo ya kugongana. Wapo ambao hawapewi dawa yoyote, wanaangaliwa tu. Aliye na huzuni kwa sababu amefungiwa ndani, huyo naye ni mgonjwa, na hilo daktari angependa kulijua.

"Nioneshe unapoweka dawa zako za mgongo, Fundi," alisema ghafla. "Mafundi wote mnaumwa mgongo."

Fundi alishangaa, akavuta droo ya cherehani. Kati ya vifungo na sindano kulikuwa na karatasi ya vidonge vya maumivu. Muuguzi alivisoma, akauliza kama Chiriku amewahi kupewa hivi akiwa na homa. Bibi alikiri kuwa walimpa mara moja tu, mwezi wa tatu, jino lilipomuuma. Kesho yake damu ya pua ilitoka hadi ikalowesha taulo, wakadhani ni joto.

"Hivi ni hatari kuliko pembe zote za nyumba hii," alisema Muuguzi. "Vidonge vya jamii ya aspirini na ibuprofeni vinazifanya hata chembe chache alizo nazo zishindwe kufanya kazi. Akiwa na homa au maumivu, mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, na mtuambie."

Siku zote hizo Fundi alikuwa akivisha sponji miguu ya kabati, na hatari ilikuwa kwenye droo yake mwenyewe, karibu na mkasi. Aliichukua ile karatasi na kuipandisha juu ya kabati. Huko mkono wake ukakutana na kamba ya kuruka. Aliishika kidogo, akaiacha kwanza.

Kabla ya kuondoka, Muuguzi aliwaonesha la kufanya damu ya pua ikitoka. Mtoto akae wima, ainame mbele kidogo, asilale. Sehemu laini ya pua ibanwe dakika kumi bila kuachia kuchungulia. Chiriku alijaribu mwenyewe, akijibana pua na kuongea kwa pua, na Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu aliposhika shavu. Lakini isiposimama hata baada ya kubana tena, au akijigonga kichwa, au kichwa kikimuuma sana, akitapika, akilegea na kusinzia ovyo, akitoa damu kwenye mkojo au choo, au malengelenge ya damu mdomoni, wasingoje asubuhi. Waende hospitali saa hiyo hiyo. Safari hii aliwaomba warudie. Fundi alirudia, akasahau malengelenge. Chiriku akamkumbusha.

Mama aliporudi mchana, aliikuta ile kadibodi imetundikwa juu ya meza, na mume wake ameketi chini yake. Fundi alimweleza yote, hakujipunguzia. Mama alisikiliza hadi mwisho akipangusa unga kwenye nyusi.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza benchi," alisema.

"Nilikuwa nasikiliza benchi."

Mama alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kuchukua mkasi.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote kwa daktari. Daktari alishukuru kuambiwa. Akasema hataiacha dawa, ataipa wiki nne nzuri kuanzia leo, huku akipima damu na ini kama inavyotakiwa kwa wanaotumia dawa hiyo. Suala la njia nyingine liliwekwa pembeni. Shule aliruhusu kuanzia Jumatatu, akamwandikia mwalimu barua inayoeleza ugonjwa, mabaka yanatoka wapi, na nani apigiwe simu. Kuruka kamba kusubiri kipimo kijacho. Mpira wa kugongana na kupanda miti, bado kabisa.

Barua hiyo Fundi aliipeleka mwenyewe. Mwalimu aliisoma mara mbili. Kisha akamwomba radhi kwa swali la mwaka ule. Fundi akamwambia aliuliza vizuri, na mtoto mwingine mwenye mabaka naye aulizwe. Alitoka ofisini akitazama mbele.

Nyumbani, Bibi alishika usukani wa saa. Kila asubuhi kidonge kilikuja na glasi ya maji. Kikombe cha maziwa alikifudikiza kwenye sinia, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka saa kumi jioni. Siku moja jirani alimletea Chiriku mtindi asubuhi kwa wema wake. Bibi alimweleza habari za mlinzi na mafundi kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpaka jirani akaomba kuondoka.

Sponji zilitoka moja baada ya nyingine. Fundi alifumua mishono yake mwenyewe, na mtu asiyejua kushona hajui jinsi hilo linavyouma. Aliacha pembe mbili tu, za meza ndogo iliyokuwa usawa wa kichwa cha Chiriku akiwa ameketi chini. Sponji alizozitoa alizikusanya karakanani, akazipanga, akazigandisha kwa gundi tabaka juu ya tabaka, akazivisha kitambaa kigumu cha kijani kinachofutika. Benchi la kliniki likapata unene ambao hakuna benchi la hospitali limewahi kuupata.

Wiki nne zilipotimia, walilirudisha benchi siku ile ile ya kipimo. Waliliweka mahali pake koridoni, na Chiriku akawa wa kwanza kulikalia. Alitolewa damu. Alisema imeuma kidogo, kisha basi. Kisha wakasubiri majibu.

Pembeni yake alikaa mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, amejishika mkono, midomo inatetemeka. Chiriku alimgeukia. Alimwambia sponji anayokalia ilikuwa mlango wa chumba chao. Na hapo alipoegemea mgongo palikuwa kigoda cha Bibi, na Bibi alikuwa anahisi amekalia paka. Mtoto akacheka. Chiriku akaendelea na habari za mwalimu, za mlinzi aliyechanganyikiwa, na za msichana asiyejua kuhesabu kupita thelathini na mbili. Mama yake alimtazama Fundi. Hawakusema kitu, wasije wakaikatisha ile sauti.

Muuguzi alitoka na karatasi mkononi, akitabasamu.

"Fundi, leo huulizi namba?"

Fundi alisimama. Alitoa mfukoni kipande cha kadibodi na penseli ya karakanani.

"Nipe maagizo kwanza, Sista. Leo nasikiliza."

Muuguzi alimpa. Dawa iendelee vile vile, kwa maji, maziwa saa kumi. Kipimo kingine baada ya wiki mbili. Kamba aruke, kwenye ardhi laini, na akichoka apumzike. Fundi aliandika, kisha akarudia yote kwa mdomo wake, na hakusahau hata moja. Ndipo Muuguzi akamwambia kuwa namba ni elfu sitini na nane.

"Haijafika laki na nusu," alisema Muuguzi, akimwangalia.

"Haijafika," alisema Fundi. "Lakini Chiriku amefika."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani Chiriku aliuliza kama anaweza kumaliza ile hadithi aliyokuwa akimsimulia mtoto wa kwenye benchi, maana iliishia katikati. Baba yake akamwambia asimulie. Alisimulia barabara nzima, na walipofika mlangoni alikuwa bado hajamaliza. Fundi alipanda kigoda, akashusha kamba kutoka juu ya kabati, akampa. Dakika chache baadaye, kutoka nje, walisikia mtu akihesabu kwa sauti, na kwenye thelathini na mbili hakukosea.